Usipoziba Ufa, au Ukiuziba Vibaya

"Usipoziba ufa utajenga ukuta." Methali hii tumeimeza tangu shule ya msingi. Tumeitungia insha, tumeimalizia visa, tumetupiwa na wazazi kila tulipoahirisha jambo. Sina ugomvi nayo. Ninachouliza leo ni swali dogo tu: je, upo ufa ambao kuuziba ndiko kunakoharakisha kuanguka?

Swali hili halikunijia kwenye riwaya wala kwenye kitabu cha falsafa. Lilinijia nikisoma habari za madaraja ya reli, yale makuukuu ya chuma, na jinsi wahandisi wanavyogawanyika kuhusu la kufanya mhimili unapoanza kupasuka. Kuna wanaosema chomelea ufa, daraja lirudi kazini. Kuna wanaosema usithubutu. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba mabishano hayo yanatuhusu hata sisi ambao hatujawahi kushika spana. Nistahimilie kidogo, msomaji. Tupite kwenye chuma kwanza, halafu tutarudi kwa watu.

Tuanze na neno lenyewe. Chuma kinachopasuka kwa namna hii husemwa kimechoka. Na sisi mtaani tunasema hivyohivyo: gari limechoka, viatu vimechoka. Mwaka 1854 Mwingereza Frederick Braithwaite aliandika makala ya kihandisi iliyoutaja uchovu wa metali kwenye kichwa chake, na neno likazoeleka. Lakini tatizo lilikuwa limeshaua watu kabla halijazoeleka kwa jina. Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyokuwa ikitoka Versailles kwenda Paris ilikatika ekseli ya injini. Mabehewa yakapandana, moto ukawaka, na milango ilikuwa imefungwa kwa nje. Walikufa watu zaidi ya hamsini, miongoni mwao msafiri mashuhuri wa baharini Dumont d'Urville, mkewe na mtoto wao.

Ekseli ile haikukatika kwa sababu siku hiyo ilitwishwa mzigo wa ajabu. Ilikuwa inafanya kazi yake ya kila siku. Hapo ndipo penye fumbo: kitu kilichobeba jana, na juzi, na mwaka jana, kwa nini kishindwe leo na mzigo uleule? Mhandisi wa reli za Prussia, August Wöhler, alitumia miaka mingi kulijibu swali hilo. Alizizungusha ekseli kwenye mashine, akazipinda huku na huku mara maelfu kwa maelfu, na akaonyesha kwamba chuma kinaweza kuvunjwa na nguvu ndogo sana kuliko ile inayohitajika kukivunja kwa mara moja, mradi nguvu hiyo ije, iondoke, ije tena, iondoke tena. Wahenga wetu walilijua hilo kwa upande wa mbao: bandu bandu huisha gogo.

Ila neno "uchovu" lina udanganyifu wake. Mtu akichoka hulala, asubuhi huamka ana nguvu mpya. Chuma hakilali. Daraja likae mwaka mzima bila treni, siku ya kwanza treni itakapopita hesabu inaendelea palepale ilipoishia. Kila msukosuko unaozidi kiwango fulani umeandikwa ndani yake, na hakuna wa kuufuta.

Sasa fikiria daraja la aina hiyo likivunjika. Nani kalivunja? Treni ya mwisho? Hiyo ilibeba kama zilivyobeba nyingine, na dereva wake hakufanya lolote ambalo wenzake hawakufanya. Ya kwanza? Ilipita miaka themanini iliyopita, waliokuwamo wameshazikwa. Ukweli ni kwamba limevunjwa na zote, kila moja kwa sehemu ndogo mno kiasi kwamba ukiipeleka mahakamani utaonekana huna akili. Haya ndiyo madhara yanayonitisha kuliko mengine, kwa sababu hayana mkosaji. Kila mmoja anaweza kuapa, tena kwa haki, kwamba yeye alipita tu.

Basi ufa unaanzia wapi? Tungejibu haraka: kamba hukatikia pembamba. Chuma hakikubali. Mwaka 1970 kule Bridgeport, jimbo la Connecticut, Marekani, mhimili wa daraja la Yellow Mill Pond ulikutwa umepasuka vibaya. Lile ni daraja la barabara, lakini chuma hakijui kama kinachopita juu yake ni lori au treni. Halikuwa na hata miaka 15. Na ufa haukuanzia mahali pembamba. Ulianzia pale ambapo waundaji walikuwa wamechomelea bamba la ziada chini ya mhimili ili kuuongezea nguvu. Pale hasa bamba hilo linapoishia. Nguvu iliyokuwa ikipita kwenye unene ilifika mwisho wa bamba ikakuta unene umekatika ghafla, ikajikusanya kwenye ile kona ya mchomeleo, ikaanza kutafuna. Profesa John Fisher wa Chuo Kikuu cha Lehigh, aliyezichunguza nyufa nyingi za namna hii, alionyesha na wenzake kwamba kwa viungo vilivyochomelewa, kununua chuma chenye nguvu zaidi hakusaidii sana. Kinachoamua ni mambo mawili: umbo la kiungo, na ukubwa wa ile nguvu inayopanda na kushuka kila mzigo unapopita.

Kwa hiyo ufa umeonekana. Mkaguzi ameupitishia kidole, ameupima, una urefu wa kiganja. Reli inahitajika, abiria wamekata tiketi, mizigo inasubiri bandarini. Fundi wa kuchomelea yupo, mtambo wake uko tayari. Usiku mmoja tu, asubuhi ufa haupo. Unapiga msasa, unapaka rangi, na hata mama yake mzazi huo ufa hatautambua. Kuna kishawishi kikubwa zaidi ya hicho?

Wanaokataa wana sababu, na si za woga. Ya kwanza ni chuma chenyewe. Madaraja mengi ya reli ya karne ya 19 yalijengwa kwa chuma cha kufuliwa, chenye matabaka ya taka za tanuri ndani yake kama chapati ya kusukuma, au kwa feleji za mwanzo zenye fosforasi na naitrojeni nyingi. Vyuma hivyo havikufanywa vije kuchomelewa. Ukivitia moto mkali vinaweza kuwa kama kigae, au matabaka yakaachana. Sababu ya pili ni moto. Pale unapoyeyusha chuma, kikipoa hunywea, na kwa kuwa kimeshikwa na chuma baridi pande zote, kinabaki kimejivuta ndani kwa ndani. Daraja halijabebeshwa hata behewa moja, tayari mahali pale pamekaza kama uzi wa upinde.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonifanya niweke kitabu chini. Madaraja ya zamani yaliunganishwa kwa ribiti, zile pini nene zenye kichwa cha mviringo. Mhimili mmoja ni mabamba kadhaa yaliyolazwa pamoja na kushikwa na mamia ya pini. Bamba moja likipasuka, ufa unakimbia mpaka ukingoni mwa bamba hilo, unasimama. Bamba jirani ni kipande kingine. Ufa hauna njia ya kuvukia. Daraja linabaki limesimama na mkaguzi anapata muda wa kuliona tatizo. Ukichomelea, unayafanya mabamba kuwa mwili mmoja, na mwili mmoja hauna mpaka. Ubelgiji walilijua hilo mwezi Machi 1938, pale Hasselt, ambako daraja lililochomelewa juu ya Mfereji wa Albert lilipasuka na kuangukia majini vipande vitatu. Halikuwa kuukuu wala halikuwa limechoka. Lilikuwa na umri chini ya miaka miwili. Lakini ufa ulipoanza haukukuta mahali pa kuambiwa "hapa mwisho".

Sisi tuliolelewa kwa wimbo wa umoja ni nguvu tunaweza kuumia kidogo hapo. Mimi niliumia. Kumbe upo umoja ambao nguvu yake iko kwenye mipaka iliyobaki ndani yake.

Sababu ya nne ni nyepesi kuisema. Ufa ulikuja kwa sababu fulani: kona imekaa vibaya, mhimili unapindwa upande usiotakiwa, mzigo umezidi uliokusudiwa. Ukichomelea ufa na kuiacha sababu, umerudisha kila kitu kilivyokuwa siku moja kabla ya ufa, pamoja na ile sababu. Tena sasa sehemu yenyewe ni dhaifu kuliko mwanzo.

Sasa wanaokataa kuchomelea wanafanya nini? Sikiliza hili, maana mara ya kwanza nilidhani nimesoma vibaya. Wanatoboa tundu. Mahali pamepasuka, nao wanakuja na drili wanaondoa chuma zaidi! Maelezo yao yana mantiki kamili. Kinachouendesha ufa ni ncha yake, ile ncha kali kuliko wembe ambako nguvu yote hujikusanya. Ukitoboa tundu la mviringo pale hasa inapoishia ncha, umeuondolea ufa ukali wake. Nguvu inazunguka ukingo laini wa tundu badala ya kusukuma penye wembe. Baadaye unaweza kukaza boliti ndani ya tundu, au kufunga mabamba mapya kwa boliti pande zote mbili yabebe kazi ya sehemu iliyopasuka. Ufa wenyewe unaachwa. Uko pale, unaonekana, una tundu mwishoni kama nukta mwisho wa sentensi, na kila mkaguzi atakayekuja ataukuta na kuuliza: umesimama au umevuka?

Lakini tundu nalo lina masharti. Ncha ya ufa haionekani kwa macho matupu. Ufa halisi huwa mrefu kuliko unaoonekana. Inabidi utumie rangi ya kupenya au unga wa sumaku kuitafuta. Ukitoboa nyuma ya ncha, umepamba tu: ufa utaendelea na safari yake mbele ya tundu lako kana kwamba hukufanya kitu.

Hapa sina budi kumpa nafasi fundi, maana najua wasomaji wangu wengine wana kaka au mjomba mwenye mtambo wa kuchomelea na ameshaanza kununa. Niliwahi kumweleza haya fundi mmoja mtaani kwetu. Alizima mtambo, akavua ile miwani, akaniambia: "Mwalimu, kuchomelea hakuna kosa. Kosa ni kuchomelea juu ya ufa. Ufa unauchimba wote kwanza, mpaka usibaki hata uzi, ndipo unajaza." Ana haki. Kwenye feleji ya kisasa inayokubali moto, ufa ukichimbwa wote, chuma kikapashwa joto taratibu, kazi ikapimwa baada ya kwisha na umbo la kiungo likarekebishwa, mchomeleo ni tiba halali na madaraja mengi yanaishi kwa tiba hiyo. Ona lakini masharti yake: kabla ya kuziba unapanua jeraha. Fundi mwema na mwenye drili wanakubaliana kwenye jambo moja, kwamba huwezi kuutibu ufa ambao hujafika mwisho wake. Anayebaki nje ya makubaliano ni yule anayetaka asubuhi ufa usionekane.

Huyo ana historia yake. Tarehe 10 Julai 1962 mjini Melbourne, Australia, sehemu ya daraja la Kings ilikatika lori zito lilipokuwa likipita. Lilikuwa limefunguliwa mwaka uliotangulia tu. Hakufa mtu. Uchunguzi ulipofanywa, ilikutwa kwamba nyufa nyingine zilikuwapo kwenye viungo vya mchomeleo tangu mihimili iko kiwandani, kabla haijaletwa mtoni. Zilijulikanaje? Rangi ilikuwa imeingia ndani ya ufa. Mtu alipitisha brashi juu ya ufa, rangi ikazama, mhimili ukatoka unang'aa. Labda hakuuona. Siwezi kumhukumu mtu kwa brashi yake. Ila rangi ile ni ushahidi kwamba kitu kinaweza kukaguliwa, kupokelewa na kuzinduliwa, wakati mwanguko wake umeshapakwa rangi pamoja nacho.

Sisi tuna methali ya hilo pia: funika kombe mwanaharamu apite. Na hapa ndipo ninaporudi kwa watu.

Katika ukoo wetu iko nyumba ya bibi, Tanga, yenye vyumba vya kupangisha. Bibi alipofariki, baba mkubwa na baba mdogo waliacha kusalimiana. Wazee waliitwa. Wakaja, wakazungumza kuhusu damu na uzito wa maziwa ya mama mmoja, wakasema yaishe. Wakashikana mikono, pilau likaliwa, tukapiga picha. Mwaka wa pili ugomvi ukarudi, palepale pembeni ya maneno ya suluhu: "Si tulisema yaishe? Mbona wewe hujayaisha?" Wazee wakaitwa tena. Yaishe ya pili ilikuwa tamu kuliko ya kwanza, na ilidumu muda mfupi kuliko ya kwanza.

Kikao cha tatu shangazi alihudhuria. Alisikiliza hotuba zote, akaomba ruhusa, akauliza: "Kaka, kodi ya vile vyumba vitatu vya uani inaingia mfuko wa nani?"

Pakawa kimya. Mzee mmoja akamwambia asichimbe mambo, tumekuja kupatanisha. Naye akajibu kwa adabu kwamba hachimbi kitu kipya. Kodi ya mwezi, kila mwezi, kwa miaka minne. Hesabu ikatajwa mbele ya watu, na ilikuwa chungu. Kwa saa nzima ilionekana kama shangazi ndiye aliyekuja kuubomoa ukoo. Lakini ugomvi haukusogea tena baada ya siku ile. Leo kodi inatumwa kwenye namba moja, na kila mwezi shangazi anaandika kiasi kilichoingia na mgawo wake kwenye kundi la familia. Ndugu wale hawajawa kitu kimoja. Wanakutana kwenye harusi na misiba, wanaulizana hali, kila mtu anarudi kwake. Wameshikwa na boliti, na boliti inaweza kukaguliwa kila mwezi.

Sisemi suluhu ya kushikana mikono haina thamani. Kuna ugomvi wa siku moja, neno lililoteleza, ambao ukiuchimba unaukuza bure. Methali ya ufa na ukuta ilizaliwa kwenye nyumba ya udongo, na kwa nyumba ya udongo ni kweli tupu: ufa unaingiza maji, unakanda udongo uleule, unaziba, ukuta unapona. Ukuta ule haupitishi treni. Tatizo ni pale tunapochukua busara ya vitu vilivyosimama tuli tukaipachika kwenye vitu vinavyobebeshwa kila siku: ndoa, urithi, ofisi, nchi. Huko ufa una sababu inayopita juu yake kila asubuhi kwa ratiba.

Na iko tiba nyingine ambayo wahandisi huitaja na wenye reli hawapendi kuisikia: punguza mzigo. Treni ipite polepole, behewa lijazwe kidogo. Kwa viungo vilivyochomelewa, ukipunguza kwa nusu ile nguvu inayopanda na kushuka, maisha ya kiungo huongezeka kama mara nane. Mara nane, bila kutoboa, bila kuchoma! Haipendwi kwa sababu inamgharimu anayenufaika na mzigo. Fundi wa kufuta ufa analipwa mara moja. Kupunguza mzigo ni kujinyima kila siku. Nimeona wanandoa wakipelekwa kwa washauri mara tatu wakati mmoja wao anafanya kazi za nyumba nzima peke yake na mwenzake hajawahi kuosha hata kikombe. Washauri walizungumzia mawasiliano. Kikombe hakikutajwa.

Nikiulizwa, basi, kutengeneza kwa haki ni kupi, nitajibu hivi. Tengenezo ni ahadi unayompa mtu ambaye hawezi kuikagua. Abiria aliyelala kwenye behewa saa tisa usiku hajui kama chini yake kuna mchomeleo, boliti au rangi. Anachostahili si daraja lisilo na alama. Anastahili kwamba yuko mtu aliyeutafuta ufa mpaka ncha yake, akaiacha alama mahali ambapo mkaguzi ajaye ataiona, na kwamba yuko mwingine aliyekubali kupunguza mzigo ilipobidi. Watoto wanaozaliwa kwenye ukoo uliopatanishwa ni abiria wa namna hiyo. Hawakuwapo kikaoni na wala hawakula lile pilau. Wao watakuja kupita tu.